Nusu metali: umeme unaobebwa na elektroni za upande mmoja

Habari za kumbukumbu za kompyuta zisizofutika umeme unapokatika zimekuwa nyingi, na kila zinapoandikwa hujitokeza maneno mawili ambayo msomaji huachiwa ayameze bila kuyatafuna: spini na nusu metali. Nimesikia tafsiri za kila namna. Yupo anayedhani nusu metali ni chuma kilichochanganywa na plastiki. Mwingine anaamini ni kitu kinachopitisha umeme kwa shida, nusu ya vile shaba inavyopitisha. Wengine husema ni sumaku iliyofifia. Siwalaumu, kwa sababu makosa yote hayo yametoka kwenye jina lenyewe, na jina hili kweli linapotosha. Lakini jambo lililofichwa nyuma yake ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kugunduliwa kuhusu metali, na mtu asiyekuwa mwanafizikia anaweza kulielewa akiongozwa hatua kwa hatua.

Tuanze na jina. Kuna vitu vitatu tofauti ambavyo watu huviita nusu metali. Cha kwanza ni cha wanakemia: elementi kama silikoni, boroni na aseniki, ambazo tabia zake ziko kati ya metali na zisizo metali. Hizo ziite metaloidi, yaishe. Cha pili ni vitu kama bismuthi na grafiti, ambavyo hupitisha umeme lakini vina elektroni chache mno za kuubeba. Cha tatu ndicho tunachokizungumzia hapa, na hakihusiani na viwili vya kwanza. Ni sumaku ambayo, kwa elektroni za spini moja, ni metali kamili isiyo na kasoro, na kwa elektroni za spini ya pili ni kihami kama kioo. Kipande ni kilekile kimoja, kwa wakati uleule. Neno nusu halisemi kwamba metali imepungua ubora. Linasema kwamba umetali huo umetolewa kwa nusu moja ya elektroni, nusu nyingine ikanyimwa.

Ili sentensi hiyo isibaki kuwa fumbo, lazima tujue spini ni nini, kisha tujue kwa nini metali inapitisha umeme na kioo hakipitishi.

Spini

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walirusha atomu za fedha zipite katikati ya sumaku iliyochongwa ili nguvu yake isiwe sawa kila mahali. Kama kila atomu ingekuwa na kisumaku kinachoelekea popote kipendapo, zingetawanyika na kuacha alama pana iliyojaa. Badala yake ziligawanyika makundi mawili, katikati pakabaki patupu. Miaka mitatu baadaye, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, vijana wawili wa Leiden, walipendekeza kwamba elektroni yenyewe ina spini, yaani ina usumaku wake wa asili, kama vile ilivyo na chaji na tungamo lake.

Hapa ndipo kosa la kwanza la watu wengi lilipozaliwa. Spini huchorwa kama mpira mdogo unaojizungusha kwenye mhimili wake. Mchoro huo unasaidia mwanafunzi kwa siku ya kwanza tu, baada ya hapo unamzuia. Ukijaribu kuhesabu, utakuta uso wa mpira huo ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga, jambo lisilowezekana, na wanafizikia wa wakati ule walilitambua mara moja. Elektroni haijizungushi kama pia ya kuchezea watoto. Kitu cha kushika ni hiki: kila elektroni ni kisumaku, na ukiipima kwa mwelekeo wowote unaoutaka, majibu yanayowezekana ni mawili tu. Tuyaite juu na chini. Hakuna jibu la kati.

Kanuni nyingine, iliyowekwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925, inasema elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali ileile moja. Nafasi moja ya nishati inapokea elektroni mbili endapo moja ni ya juu na nyingine ya chini. Kwa hiyo elektroni ndani ya kitu zinalazimika kujipanga kwenda juu, nishati baada ya nishati, kwa kuwa nafasi za chini zimekwisha kukaliwa.

Ukumbi wenye mabawa mawili

Fikiria ukumbi mkubwa wenye mabawa mawili. Bawa la kushoto ni la elektroni za spini juu, la kulia ni la spini chini. Viti vimepangwa kwa safu zinazopanda: safu ya mbele, iliyo chini, ina nishati ndogo, na kadiri unavyopanda nishati inaongezeka. Elektroni huingia na kujaza kuanzia chini, kila moja na kiti chake. Pale zinapoishia kujaza, usawa ule wa mwisho, ndipo panapoitwa kimo cha Fermi, kwa jina la Enrico Fermi. Kimo hicho ni kimoja kwa mabawa yote mawili, kama maji katika vyombo viwili vilivyounganishwa kwa bomba.

Umeme ukipita, maana yake elektroni zinasogea, na kusogea kunahitaji kiti kitupu jirani. Aliyeketi katikati ya safu zilizojaa hana pa kwenda, hata ukimsukuma. Wanaoweza kusogea ni wale wa juu kabisa, walio kwenye ukingo, wenye viti vitupu mbele yao. Nakuomba ulishike hili kuliko mengine yote, kwa sababu karibu kila mkanganyiko kuhusu nusu metali unatokana na kulisahau: katika umeme, wanaohesabika ni wa ukingoni tu.

Sasa metali na kihami vinatofautiana hivi. Katika metali, kimo cha Fermi kinaangukia mahali ambapo safu za viti bado zinaendelea. Juu kidogo ya walioketi kuna viti vitupu tele. Katika kihami, kimo kinaangukia mahali ambapo safu zimekwisha na kuna ukuta mtupu, pengo, kabla ya roshani ya juu kuanza. Waliojaa chini wamejaa hasa, na kiti kitupu cha karibu kiko mbali mno. Semikondakta kama silikoni ina pengo pia, ila jembamba kiasi kwamba joto au uchafu kidogo wa makusudi unaweza kuwavusha wachache.

Katika shaba mabawa mawili yanafanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Waliomo kushoto ni sawa na waliomo kulia, visumaku vinafutana, na shaba haivutiwi na sumaku. Katika chuma mambo ni tofauti. Elektroni zenye spini sawa hujitenga zenyewe kwa zenyewe, na kwa kujitenga zinapunguza kusukumana kwa chaji zao, hivyo wakati mwingine kundi zima linapata nafuu ya nishati likielekea upande mmoja. Ni kama bawa moja la ukumbi limeshuka kidogo na lingine limepanda. Kimo cha Fermi kikibaki kimoja, bawa lililoshuka linapata wakazi wengi zaidi. Tofauti ya idadi hiyo ndiyo usumaku wa chuma: ukigawa kwa kila atomu, spini juu zinazidi spini chini kwa takriban elektroni 2.2.

Nusu metali ni hatua moja mbele. Mabawa yamepishana kiasi kwamba kimo cha Fermi, upande mmoja, kinapita katikati ya safu zenye viti, na upande wa pili kinapita katikati ya ukuta mtupu. Bawa moja ni metali, bawa la pili ni kihami. Ukiunganisha betri, umeme unapita vizuri tu, lakini wote wanaoubeba ni wa bawa moja.

Polarizesheni, na sumaku kali isiyo na maana

Neno polarizesheni ya spini linatisha kuliko linavyostahili. Maana yake ni uegemeo: elektroni zinaegemea upande gani, na kwa kiasi gani. Nenda ukingoni, kwenye kimo cha Fermi. Hesabu za juu, hesabu za chini, toa moja kwa nyingine, gawa kwa jumla yake. Kama ukingoni kuna 50 kwa 50, uegemeo ni sifuri. Kama ni 70 kwa 30, ni asilimia 40. Kama ni 100 kwa sifuri, ni asilimia 100, na hiyo ndiyo alama ya nusu metali.

Wengi hukosea hapa, hata wasomi. Hudhani kwamba sumaku ikiwa kali, uegemeo nao utakuwa mkubwa. Sivyo, kwa sababu hesabu hizi mbili hazihesabu watu walewale. Nguvu ya sumaku inahesabu kila aliyeketi ukumbini, kuanzia safu ya chini hadi ya juu. Uegemeo unahesabu wa ukingoni peke yao. Chukua chuma na nikeli. Kila atomu ya nikeli ina usumaku wa takriban 0.6 tu, chini ya theluthi ya ule wa chuma. Lakini vilipopimwa kwa njia moja mwaka 1998, uegemeo wa vyote viwili uliangukia kati ya asilimia 40 na 50. Ukiona mtu anatangaza nusu metali kwa kuonyesha jinsi inavyonyanyua misumari, ujue amehesabu kundi lisilohusika.

Kosa jingine dogo niliondoe hapahapa. Kwa kuwa nusu metali ina bawa moja tu linalofanya kazi, baadhi huamini kwamba haina upinzani wa umeme, kana kwamba elektroni za upande mmoja hazigongani na kitu. Nusu metali si superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila upinzani wowote. Inapata moto kama waya mwingine wowote.

Hesabu ya mwaka 1983

Jambo hili halikugunduliwa kwa kuokota jiwe. Lilitoka kwenye hesabu. Mwaka 1983 Robert de Groot wa Nijmegen, Uholanzi, pamoja na wenzake Mueller, van Engen na Buschow, walichapisha makala kuhusu aloi mbili: moja ya nikeli, manganisi na antimoni, nyingine ya platini, manganisi na antimoni. Hii ya pili ilikuwa imewavutia watu kwa sababu iligeuza mwelekeo wa mawimbi ya mwanga uliopiga juu yake kwa kiasi kikubwa kisicho cha kawaida. Walipohesabu nafasi za elektroni, wakakuta bawa la spini chini lina pengo palepale kwenye kimo cha Fermi. Ndio waliolipa kundi hili jina lake.

Aloi hizo ni za ukoo wenye historia. Mwaka 1903 Mjerumani Friedrich Heusler alionyesha kwamba ukichanganya shaba, manganisi na alumini, metali tatu ambazo hakuna hata moja inayovutwa na sumaku kama chuma, unapata aloi iliyo sumaku. Watu waliona hilo kama muujiza. Leo tunajua siri iko kwenye mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, nani ameketi jirani na nani, na siri hiyohiyo ndiyo itakayoleta matatizo tutakayoyaona.

Kuna ushahidi mmoja wa nusu metali ninaoupenda kwa urahisi wake, maana hauhitaji zaidi ya kutoa na kujumlisha. Katika bawa lenye pengo, safu zimejaa kabisa, na kitu kilichojaa kabisa huhesabika kwa namba kamili. Jumla ya elektroni zote nayo ni namba kamili. Kwa hiyo bawa la pili lazima liwe namba kamili, na tofauti ya mabawa, yaani usumaku, nayo pia. Aloi ya nikeli, manganisi na antimoni ina elektroni 22 za nje kwa kila kikundi cha atomu zake tatu: 10 za nikeli, 7 za manganisi, 5 za antimoni. Bawa lililofungwa linajaa kwa elektroni 9. Zinabaki 13 upande wa pili. 13 kutoa 9 ni 4, na usumaku unaopimwa maabara ni takriban 4. Aloi ya kobalti mbili, manganisi na silikoni ina 29. Bawa lililofungwa linachukua 12, zinabaki 17, tofauti ni 5, na kipimo kinakubali. Linganisha na chuma na 2.2 yake, au nikeli na 0.6 yake. Namba zile zilizovunjika zinatuambia mabawa yote mawili yako wazi.

Namba kamili peke yake, hata hivyo, haitoshi kuthibitisha. Kitu kinaweza kuikaribia kwa bahati. Ni kama alama ya kidole inayomwondoa mtuhumiwa isipolingana, lakini ikilingana bado unatafuta mashahidi.

Mfano uliolala kwenye kaseti

Oksidi ya kromi yenye oksijeni mbili ilikuwa ikipakwa kwenye kanda za kaseti tangu miaka ya 1970; wapenzi wa muziki wa zama hizo wanakumbuka kaseti za kromi zilivyosifiwa kwa sauti safi. Mwaka 1986 Karlheinz Schwarz alihesabu na kuonyesha kwamba oksidi hiyohiyo ni nusu metali. Watu walikuwa wamejaza makabati kwa nusu metali bila kujua. Lakini tusiongeze chumvi: usafi wa sauti haukutokana na sifa hiyo. Kanda ilihitaji punje ndogo zenye umbo la sindano zinazoshika usumaku wake kwa uthabiti, na kromi ilizitoa. Spini za ukingoni hazikuwa na kazi yoyote pale.

Magnetiti, lile jiwe la sumaku linalojulikana tangu kale, nayo ipo kwenye orodha. Hesabu za miaka ya 1980 ziliiweka miongoni mwa nusu metali, na ina jambo la kushangaza: bawa lenye pengo ni lile la walio wengi. Wanaobeba umeme ni wa spini ya walio wachache. Nalitaja kwa sababu maelezo mengi husema kwamba katika nusu metali wengi hupita na wachache huzuiwa. Aloi za Heusler kwa kawaida ziko hivyo, magnetiti iko kinyume. Anayepita ni yule mwenye viti vitupu, awe wa kundi kubwa au dogo.

Utapimaje kitu kama hiki?

Njia ya 1998 niliyoitaja ilitoka kwa kundi la Robert Soulen huko Marekani, na nadhani ni moja ya vipimo vya werevu zaidi katika fizikia ya karibuni. Unachukua ncha ya superkondakta, kwa mfano metali ya niobi iliyopozwa hadi zaidi ya nyuzi 264 za Selsiasi chini ya sifuri, ukaigusisha kwenye sampuli. Ndani ya superkondakta umeme husafiri kwa jozi, elektroni ya juu pamoja na ya chini.

Chukulia ghala lisilopokea kiatu kimoja, linapokea jozi tu, cha kulia na cha kushoto. Muuzaji mwenye vya aina zote anapita bila tatizo: kila cha kulia anakitafutia mwenzake. Muuzaji mwenye vya kulia peke yake anarudishwa mlangoni hata akiwa na lori zima. Hivyo ndivyo elektroni za nusu metali zinavyokwama kwenye ncha ya superkondakta, na kwa kuangalia umeme umepungua kiasi gani, unajua uegemeo ulikuwa kiasi gani.

Oksidi ya kromi ilipata takriban asilimia 90 kwenye kipimo hicho, na sampuli bora zaidi zilizofuata zilipita 95. Aloi ya nikeli, manganisi na antimoni, ile ya kwanza kabisa, ilipata asilimia 58 tu.

Je, de Groot alikosea? Hapana, na jibu hili linahitaji subira. Vipimo vingine vilivyotumia positroni, chembe pacha za elektroni zenye chaji kinyume, ambazo hupenya hadi ndani ya fuwele, vilikubaliana na hesabu zake. Tatizo liko kwenye ngozi. Ncha inagusa uso, na umeme wowote unaoingia au kutoka lazima uvuke uso. Atomu za usoni zimepoteza majirani wa upande mmoja. Mpangilio uliolifungua pengo umevunjika, na viti vipya vinajitokeza katikati ya ukuta uliopaswa kuwa mtupu. Oksidi ya kromi ina shida yake ya ziada, kwani uso wake hugeuka kuwa oksidi nyingine ya kromi ambayo ni kihami.

Kisha kuna mchanganyiko wa nafasi. Katika aloi za Heusler, manganisi ina kiti chake na nikeli ina chake. Wakati wa kutengeneza, baadhi hubadilishana. Wachache tu wakikaa pasipo pao, pengo linaanza kujaa viti vya wizi.

Na kuna joto, adui ninayemwona mkubwa kuliko wote. Ukitazama namba utadhani joto haliwezi kitu: pengo la aloi ya de Groot ni takriban nusu elektronivolti (kipimo cha nishati ya elektroni), wakati nishati ya joto la chumbani ni kama elektronivolti 0.025, mara ishirini pungufu. Lakini joto halihitaji kuirusha elektroni juu ya pengo. Linazitikisa atomu za sumaku zenyewe. Kisumaku cha atomu moja kikiinama kidogo, na cha jirani kikainama vingine, mwelekeo tulioupa jina la juu si mmoja tena kwa kila mahali. Elektroni iliyo juu kamili kwa mujibu wa atomu hii ina sehemu ya chini kwa mujibu wa ile. Uegemeo wa asilimia 100 ni ahadi ya kwenye baridi kali. Ndiyo maana watafiti wanapenda vitu vyenye joto kubwa la Curie, yaani joto ambalo usumaku hupotea kabisa. Oksidi ya kromi hupoteza usumaku kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi, karibu mno na mazingira ya ndani ya mashine. Aloi ya kobalti, manganisi na silikoni inavumilia hadi takriban nyuzi 700. Kwenye aloi hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz waliripoti mwaka 2014 uegemeo wa asilimia 93 usoni, kwenye joto la chumbani.

Kwa nini watu wanahangaika nayo

Weka matabaka mawili ya sumaku, katikati yake kihami chembamba cha nanomita moja au mbili. Wembamba huo unaruhusu elektroni chache kupenya. Matabaka yakielekea upande mmoja, elektroni za juu zinazotoka tabaka la kwanza zinakuta viti vya juu kwenye la pili, umeme unapita. Ukigeuza sumaku moja, zinakuta viti vyake vimekwisha, umeme unapungua. Unapita ni 1, umepungua ni 0, na kwa kuwa sumaku haihitaji umeme ili ikae ilivyo, kumbukumbu haifutiki. Huo ndio msingi wa kumbukumbu zinazoandikwa habarini.

Michel Jullière wa Rennes, Ufaransa, alilipima jambo hili mwaka 1975 na kupata mabadiliko ya upinzani wa umeme ya asilimia 14 kwenye baridi ya kelvini 4.2, yaani kama nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Alitoa pia kanuni: zidisha uegemeo wa matabaka mawili, uongeze maradufu, kisha ugawe kwa moja ukitoa zao lile la kwanza. Jaribu mwenyewe. Kwa asilimia 40 kila upande, zao ni 0.16, na jibu ni kama asilimia 38. Kwa asilimia 90, zao ni 0.81, na jibu linaruka hadi zaidi ya asilimia 850. Kwa asilimia 100, unagawa kwa sifuri: mlango unaofunga kabisa. Ukiangalia namba hizo utaelewa kwa nini watu wamejitolea miaka yao kupigania zile asilimia chache za mwisho. Faida haipandi kwa mstari mnyoofu. Inapaa karibu na kilele.

Lakini usidhani kifaa ulichoshika kina nusu metali ndani yake. Vichwa vya kusomea diski vilivyoanza kuuzwa mwaka 1997 vilitumia ugunduzi wa 1988 wa Albert Fert na Peter Grünberg (kwamba upinzani wa umeme wa matabaka ya sumaku hubadilika sana mwelekeo wa sumaku moja ukigeuzwa), uliowapa Nobeli mwaka 2007, na vilijengwa kwa metali za kawaida zilizopangwa matabaka. Na mwaka 2004 makundi mawili, moja la Stuart Parkin Marekani na jingine la Shinji Yuasa Japani, yalionyesha kwamba ukitumia fuwele safi ya oksidi ya magnesi kama kihami cha katikati, kihami chenyewe kinachuja elektroni na mabadiliko yanafika takriban asilimia 200 kwenye joto la chumbani, kwa kutumia chuma na jamaa zake. Hivyo viwanda vilipata njia ya mkato. Kumbukumbu nyingi za sumaku zinazouzwa leo ziko kwenye njia hiyo.

Nusu metali hazikuachwa. Zinaunganishwa na kihami hichohicho. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Hokkaido lilitumia aloi ya kobalti, manganisi na silikoni pande zote mbili na kupata asilimia 1995 kwenye kelvini 4.2. Kwenye joto la chumbani kifaa kilekile kilitoa 354. Kati ya namba hizo mbili ndimo ilimo kazi yote iliyobaki, na sababu zake tumeziona: uso, atomu zilizokosea viti, na mtikisiko wa joto.

Nimalizie na kitu ambacho kingemshangaza yeyote anayefikiri nusu metali lazima iwe sumaku yenye nguvu. Mwaka 1995 van Leuken na de Groot walihesabu kwamba inawezekana kupata kitu ambacho jumla ya spini zake ni sifuri kamili, mabawa yote yana idadi sawa, na bado kimo cha Fermi kikapita kwenye pengo la bawa moja tu. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College Dublin waliripoti utando mwembamba wa manganisi, rutheniamu na galiamu wenye tabia hiyo. Ndani yake zimo aina mbili za manganisi zinazoelekea kinyume na kufutana. Usumaku wake wa nje unakaribia sifuri, na umeme unaopita ndani yake bado unaegemea spini moja.